Nguvu za bondia hujengwa akiwa amelala, na Eastlands usingizi ni haba

KENYA ilipotuma kikosi chake katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, hapakuwa na bondia hata mmoja ndani yake, awe mwanamume au mwanamke. Taifa lililowahi kutoa bingwa wa Olimpiki ulingoni lilibaki kutazama ndondi za Paris kwenye runinga, kama jirani asiyealikwa harusini.

Lawama zilizofuata zilikuwa zile tulizozizoea. Maafisa wa chama walishutumiwa, wizara ikashutumiwa, na makocha nao hawakusazwa. Kisha ikazuka hoja nyingine, hasa miongoni mwa watu wa rika langu: kwamba vijana wa leo ni legelege, hawajui kutoa jasho, na kwamba mabondia wa zamani walikuwa watu wa chuma.

Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga. Nimezaliwa na kulelewa katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na hadi leo sipiti karibu na ukumbi wa jamii wakati wa jioni bila kuchungulia ndani. Jasho bado lipo. Mbinu za mazoezi, ya mwili na ya akili, bado zipo, na nyingi zinakubaliana na yale ambayo wanasayansi wamethibitisha katika maabara zao. Kilichotoweka ni kitu kingine, nacho hakionekani ukumbini kwa sababu hutokea baada ya bondia kutoka humo.

Kumbi na mikebe ya saruji

Serikali ya kikoloni ilipojenga mtaa wa Kaloleni katika miaka ya 1940, iliweka ukumbi katikati ya nyumba. Pumwani palikuwa na ukumbi wake wa Memorial, na mitaa mingine kama Jericho na Kariobangi baadaye ikapata kumbi zake. Nia ya wakoloni ilikuwa kuwapa wafanyakazi Waafrika mahali pa kupitishia jioni bila kujishughulisha na siasa. Siasa iliingia hata hivyo, hususan Kaloleni, na ndondi ikaingia kando yake.

Kutokana na kumbi hizo zilizuka klabu ambazo majina yake yangali yanatajwa kwa heshima mitaani, Dallas ya Muthurwa ikiwa miongoni mwazo. Bondia wa Nairobi hakujifunza katika jengo lenye vioo na kiyoyozi. Alijifunza kwenye sakafu ya saruji, chini ya balbu moja au mbili, akizungukwa na watoto wa mtaa waliokuja kutazama.

Vifaa vilikuwa vile vile ninavyoviona leo. Gunia la turubai lililojazwa matambara, na mchanga kidogo chini ili lisiyumbeyumbe. Kamba ya kuruka. Kipande cha bomba la maji kilichochomekwa mikebe miwili ya rangi iliyojazwa saruji, kikageuka chuma cha kunyanyua. Tairi kuukuu la lori la kupigwa kwa nyundo. Gia za magari kutoka kwa mafundi wa Kariobangi, zilizofungwa kwa waya na kuwa uzani wa mkono. Alfajiri, kabla matatu hazijaijaza Barabara ya Jogoo, kulikuwa na mbio.

Mchezo huu uliokuzwa na watu maskini uliiletea Kenya sifa kubwa. Philip Waruinge, aliyekuwa mtu wa Nakuru na wala si wa Nairobi, alipata nishani ya shaba Mexico mwaka 1968 pamoja na Kombe la Val Barker, ambalo hutolewa kwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Mwaka 1972 mjini Munich akapata fedha. Stephen Muchoki, bondia mdogo wa kilo 48, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade mwaka 1978, na bingwa wa Jumuiya ya Madola mara mbili, 1974 na 1978. Laiti Kenya isingesusia Olimpiki za 1976 na 1980, huenda jina lake lingekuwa kubwa zaidi.

Kisha akaja Robert Wangila. Mwanzoni mwa Oktoba 1988 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na habari za Seoul zilitufikia kupitia redio ya Sauti ya Kenya iliyowekwa dirishani na jirani yetu mmoja ili sisi sote tusikie. Wangila alikuwa amemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta. Hadi leo yeye ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Jioni hiyo kila mvulana wa mtaa wetu alikuwa akirusha ngumi hewani.

Nguvu ni nini hasa?

Tuanze na swali ambalo wengi hudhani jibu lake ni rahisi. Watu humtazama kijana mwenye kifua kipana na mikono iliyofura wakasema ana nguvu. Mkufunzi mzoefu wa ndondi hamtazami hivyo. Yeye hutazama miguu, kiuno, na jinsi bega linavyolegea kabla ya konde kutoka. Konde zito huanzia kwenye kisigino, hupanda kupitia paja na nyonga, na mkono huwa ni mlango tu wa kutokea. Msuli mkubwa usiojua zamu yake katika msafara huo ni mzigo kwa mwenyewe.

Sayansi inamuunga mkono mkufunzi huyo. Mtu anapoanza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, nguvu zake huongezeka katika majuma ya kwanza hata kabla msuli haujanenepa kwa kiasi cha kuonekana. Ongezeko hilo hutoka kwenye ubongo na neva. Msuli una nyuzi nyingi ambazo kwa kawaida haziitwi kazini zote kwa wakati mmoja; mazoezi huufundisha ubongo kuziita nyingi zaidi, kwa kasi zaidi, na kuituliza misuli ya upande wa pili ili isizuie mwendo. Msuli kunenepa ni hatua ya baadaye.

Mwaka 1961 watafiti wawili, Ikai na Steinhaus, walichapisha jaribio ambalo wakufunzi wetu wangelifurahia. Waliwataka watu wavute kwa mkono kwa nguvu zao zote, wakapima. Kisha wakafyatua bastola ya kuanzishia mbio nyuma yao bila kuwatahadharisha, au wakawaambia wapige kelele wakati wa kuvuta. Nguvu ziliongezeka. Kwa hivyo ile waliyoiita "nguvu zao zote" haikuwa zote. Akili ilikuwa imeweka breki. Ukisikia bondia wa Kariobangi akitoa sauti ya "ss! ss!" kila anaporusha konde, usidhani ni mbwembwe. Pumzi hiyo hukaza tumbo, huunganisha mwili mzima, na huenda ikalegeza breki hiyo kidogo.

Lipo jaribio jingine linalostaajabisha zaidi. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole walichukua vijana wakawagawa katika makundi. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kidole kidogo cha mkono kwa majuma manne. Kundi la pili halikukisogeza kidole. Kazi yake ilikuwa kufikiria tu, kwa makini, kwamba linakaza kidole hicho. Waliofanya mazoezi halisi waliongeza nguvu kwa takriban asilimia 30. Waliofikiria tu waliongeza kwa takriban asilimia 22.

Ni kidole kidogo tu, na hakuna atakayeshinda pambano kwa kulala kitandani akijiwazia ushindi. Lakini matokeo hayo yanaeleza kwa nini zoezi la kupigana na kivuli limedumu katika ndondi kwa zaidi ya karne. Bondia hupigana na mtu asiyekuwepo. Hukwepa makonde yasiyorushwa, akajibu, akasogea. Anayelifanya zoezi hilo kama densi hapati kitu. Anayemwona kweli mpinzani mbele yake, akajua ni mrefu, kwamba hutanguliza mkono wa kushoto na hushusha ulinzi anapochoka, huyo anaufundisha ubongo wake njia ambazo atazipita usiku wa pambano bila kuwaza.

Nimewahi kumsikia mkufunzi mmoja, mzee mwenye pua iliyovunjika zaidi ya mara moja, akimkaripia kijana: "Wewe unapiga hewa! Mimi nataka umpige mtu!" Mzee huyo hakuwahi kusoma jarida lolote la fiziolojia, lakini kosa alilolikaripia ndilo lenyewe.

Kanuni nyingine ya nguvu ni ya kale na haina siri. Mzigo lazima uongezeke kidogo kidogo. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliiweka kanuni hiyo katika utaratibu wa kitabibu katika miaka ya 1940 alipokuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa magoti. Mwili hupewa kazi inayouzidi kidogo, hupumzika, hujikarabati ukawa imara kuliko ulivyokuwa, kisha hupewa kazi iliyozidi tena. Mikebe ya saruji inaweza kutimiza hatua ya kwanza. Ni hatua ya kati, ile ya kupumzika na kujikarabati, ambayo mikebe haiwezi kuitimiza.

Moyo wa ulingoni

Kabla sijaifikia hiyo, niseme neno kuhusu hofu. Kila bondia huogopa, na anayesema haogopi ama ni mwongo ama hajawahi kupigwa sawasawa. Hofu huharakisha pumzi, hukaza mabega, na bondia aliyekaza mabega huchoka katika raundi ya kwanza. Kwa hivyo sehemu kubwa ya mazoezi ya akili ni kujifunza kupumua polepole kati ya raundi, kuyashusha mabega, kulishika jambo moja dogo la kufanya badala ya kuwaza ushindi au aibu. Wanasaikolojia wa michezo wana majina marefu ya mambo haya. Ukumbini huitwa "kutulia".

Wasichana wa Eastlands ndio walionifundisha mimi umuhimu wa jambo hili. Klabu ya Boxgirls ya Kariobangi ilipoanza kuwafunza wasichana ndondi, watu wengi mitaani walicheka. Kicheko kilikatika mwaka 2012, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kupigana ndondi katika Olimpiki na Elizabeth Andiego akawa Mkenya wa kwanza wa kike kupanda ulingo huo mjini London. Mwaka 2018 Christine Ongare akapata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika ndondi za michezo hiyo. Na upande wa kulipwa, Fatuma Zarika, mzaliwa wa Mathare, alikwenda Marekani mwaka 2016 akamnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa dunia wa WBC, akautetea hapa Nairobi mbele ya watu wake, na hakuupoteza hadi mwaka 2019.

Msichana anayepita katika vichochoro usiku akirejea kutoka mazoezini huwa ameshapigana na hofu moja kabla hajafika ulingoni. Kilichowajenga hawa kilikuwa zaidi ya misuli. Kilikuwa mahali salama, mkufunzi aliyewajua kwa majina, na wenzao waliowangoja kila jioni. Ukiuvunja ukumbi huo, huwezi kuhamishia kitu hicho kwenye uwanja mkubwa wa kilomita 15 kutoka hapo.

Kilichotoweka

Sasa turudi kwa mabondia wa zamani waliodaiwa kuwa wa chuma. Walifanya kazi gani? Ukiuliza swali hilo utagundua kwamba wengi wao hawakuwa mabondia wa klabu za mitaani pekee. Mtaa uliwaibua, mwajiri akawalea. Jeshi, polisi na magereza yalikuwa na timu. Kampuni kama Kenya Breweries zilikuwa na timu. Kijana aliyeonyesha kipaji katika ukumbi wa jamii aliajiriwa, akapewa mshahara, mahali pa kulala, chakula, daktari, na ruhusa ya kwenda mazoezini saa za kazi. Kazi yenyewe mara nyingi ilikuwa ndondi.

Mashirika yalipoanza kubana matumizi na kujiondoa katika michezo katika miaka ya 1990, hatukuomboleza ipasavyo kwa sababu tulidhani tumepoteza wadhamini. Kwa hakika tulipoteza usingizi. Tulipoteza sahani ya chakula cha mchana. Idara za usalama ndizo zilizobaki, na si ajabu kwamba katika kikosi cha mabondia wanne waliotuwakilisha katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Nick Okoth alikuwa mwanajeshi na Elly Ajowi alikuwa polisi. Asiyepata nafasi huko hujitafutia.

Na kujitafutia Eastlands kunamaanisha nini? Kijana mmoja wa uzani wa bantamu niliyezungumza naye majuzi huamka saa kumi na moja alfajiri akakimbia. Saa moja unusu yuko kwenye mjengo, akipanda ngazi na ndoo za kokoto. Saa kumi na moja jioni yuko ukumbini. Saa tatu usiku yuko katika chumba anacholala na ndugu zake watatu, ukutani mwa baa inayopiga muziki hadi alfajiri. Chakula chake cha siku hiyo kilikuwa chai na andazi, kisha ugali na sukuma wiki. Nilipomuuliza kama hula nyama au mayai alitabasamu kwa adabu, akaniambia: "Siku za pambano, mzee."

Mtu kama huyu hahitaji kuhimizwa atie bidii. Anazo bidii za watu wawili. Mwili wake unapewa mzigo mara tatu kwa siku na haupewi nafasi ya kujikarabati hata mara moja. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzani wa mtu anayejenga nguvu. Kwa kijana wa kilo 56 hizo ni karibu gramu 90 kwa siku. Yai moja lina kama gramu sita. Si lazima iwe nyama: sahani mbili za githeri lenye maharagwe ya kutosha, mayai mawili, maziwa na konzi kadhaa za omena zitakaribia kiasi hicho. Omena kavu, ambayo baadhi ya watu huidharau kama chakula cha wanyonge, gramu kwa gramu ina protini nyingi kuliko nyama mbichi.

Kuhusu usingizi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2011 matokeo ya kuwalaza wachezaji wa mpira wa vikapu kwa muda mrefu zaidi kila usiku kwa majuma kadhaa. Mazoezi yao yalibaki yale yale. Kasi yao ya mbio iliongezeka, na usahihi wao wa kutupa mpira ukapanda kwa takriban asilimia tisa. Hakuna dawa halali ya kuongeza nguvu inayoweza kushindana na kitanda.

Jambo hili Kenya inalijua vyema mno, ila imelijua upande mmoja wa nchi. Nenda Kaptagat, katika kambi aliyojengekea Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang. Ni kambi ya kawaida kabisa. Wanariadha hufua nguo zao na kuosha vyoo kwa zamu. Hukimbia, hula, hulala mchana, hukimbia tena, hulala mapema. Hakuna anayebeba kokoto kati ya mbio za asubuhi na za jioni. Dunia ilipostaajabu Oktoba 2019 kuona Kipchoge akimaliza kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1:59:40, wengi walizungumzia viatu na moyo wake. Viatu vilisaidia na moyo upo. Lakini nyuma yake ilikuwapo miaka mingi ya kulala mchana.

Njia za mkato

Pengo la mapumziko na chakula lina wauzaji wake. Katika jimu nyingi zilizochipuka Umoja, Kayole na Donholm, mkebe wa unga wa protini huuzwa kwa bei inayoweza kununua maharagwe ya miezi. Hilo ni hasara ya mfuko tu. La hatari ni vidonge na sindano zinazouzwa chini ya meza. Homoni bandia za kujenga misuli huharibu moyo na ini, huvuruga uzazi, na humfanya mtu kuwa na hasira zisizo na sababu. Kenya ilitunga sheria dhidi ya dawa hizo na kuunda shirika la ADAK mwaka 2016, baada ya kuaibishwa kimataifa na kesi za wanariadha wetu. Macho ya shirika hilo, kama ilivyotarajiwa, yameelekezwa zaidi kwa wakimbiaji. Kijana wa jimu ya mtaani anayetaka tu kupendeza hana wa kumpima.

Mabondia nao wana njia yao ya mkato, ya kale zaidi: kukausha mwili ili wafikie uzani. Bondia huvaa karatasi za plastiki chini ya sweta, akakimbia juani, akatema mate kwenye chupa, na kukaa siku nzima bila maji. Mizani hukubali. Lakini mwili uliokauka hupoteza nguvu zile zile zilizojengwa kwa miezi, na ubongo wenye upungufu wa maji hauko katika hali nzuri ya kupokea makonde. Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kupigana yenyewe. Bondia hupigwa kichwani mara nyingi zaidi ukumbini kuliko katika mapambano yote ya maisha yake, na kumbi zetu nyingi hupiganisha vijana kwa nguvu zote mara kadhaa kwa juma kwa sababu hakuna mkufunzi wa pili wa kuwashughulikia wengine. Hapa wazee wa zamani hawakuwa na hekima yoyote. Waliamini kichwa hukomaa kwa kupigwa. Kichwa hakikomai.

Wangila alifariki Las Vegas Julai 1994, siku mbili baada ya pambano, akiwa na umri wa miaka 26. Hatukujifunza mengi kutokana na kifo hicho.

Wala hatukujifunza kutoka kwa Conjestina Achieng', mwanamke aliyeipa Kenya fahari kubwa katika ndondi za kulipwa na ambaye kwa zaidi ya miaka kumi familia yake imehangaika na maradhi yake ya akili hadharani, kila mara ikisubiri mfadhili mwingine ajitokeze. Simo katika kundi la wanaodai kwamba ni ndondi iliyomwuguza. Hilo ni la madaktari. Ninachosema ni kwamba alipokuwa akipigana palikuwa na watu wengi wa kushughulikia mikono yake, na alipougua hapakuwa na mpango wowote wa taifa wa kushughulikia akili yake. Mazoezi ya akili yanayokoma siku bondia anapovua glavu ni nusu ya mazoezi.

Jukumu ni la nani?

Kwa Katiba ya 2010 jibu si gumu kama wanasiasa wanavyopenda lionekane. Jedwali la Nne limeipa kaunti shughuli za michezo na utamaduni pamoja na vifaa vyake. Kumbi za Eastlands ziko mikononi mwa Kaunti ya Nairobi. Zinapovuja, ni kaunti inayovuja. Zinapokodishwa kwa mikutano ya maombi na harusi hadi mabondia wakahamia barazani, kuna afisa aliyetia sahihi.

Suala hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mitaa ya zamani inabomolewa ili kupisha nyumba za bei nafuu; wapangaji wa Makongeni walitakiwa kuhama mwaka 2025, na mitaa mingine ya umri huo imo katika mipango ya aina hiyo. Sipingi nyumba mpya. Nyingi za zile za zamani zilikuwa zimechoka. Lakini michoro ya maghorofa huonyesha maegesho na maduka kwa rangi za kupendeza, na mara chache huonyesha ukumbi wenye sakafu tupu na ndoano ya kuning'iniza gunia.

Wapo watakaosema serikali inajenga viwanja, na ni kweli. Viwanja ni vya kutazamia. Bondia, mnyanyua vyuma na hata mwanasoka hujengwa mahali pengine, padogo, karibu na nyumbani. Gharama ya ninachokipendekeza haifikii hata taa za uwanja mmoja: sufuria ya uji na githeri ukumbini kila jioni baada ya mazoezi, mtaalamu wa tiba ya viungo anayezunguka kumbi kwa zamu, mshauri nasaha wa kaunti anayefika mara moja kwa juma, na nafasi chache za kazi za nusu siku katika idara za kaunti kwa vijana waliochaguliwa kwa matokeo yao, si kwa mjomba wao. Mfuko wa taifa wa michezo, ambao hujazwa na kodi ya michezo ya kamari ambayo vijana hao hao huicheza, unaweza kuchangia.

Wakati nao upo, ingawa si mwingi. Ndondi ilikuwa hatarini kufutwa katika Olimpiki, lakini Machi 2025 Kamati ya Kimataifa iliamua kuirejesha katika ratiba ya Los Angeles 2028, chini ya shirikisho jipya la World Boxing. Kijana atakayepigana huko pengine ana miaka 17 au 18 leo, na yumo katika mojawapo ya kumbi hizi.

Yule wa bantamu nilimwacha ukumbini saa mbili kasoro usiku. Alikuwa akipigana na kivuli kwenye kona, pekee yake, na safari hii ilionekana wazi kwamba alikuwa akimpiga mtu. Mlinzi alikuja na funguo akagonga mlango wa bati mara mbili. Kijana alifunga kamba yake kiunoni, akavaa buti zenye saruji, akaniambia kwamba kesho wanamimina ghorofa ya sita na fundi ametaka wafike saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo hatakimbia.